Mgomo wa Salamu

5 Machi

Mpwa wangu, Profesa wa miwani,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia hukohuko uliko.

Sisi hatujambo. Mama yako, dada yangu, naye hajambo, ila amenunua kuku ambaye hatagi, anawika kila alfajiri, na hataki kuambiwa kwamba ni jogoo. Mkazamjomba wako anakusalimu, goti lake bado linamsumbua. Mimi ni mzima isipokuwa sina simu. Usicheke. Nilikuwa nimeinama juu ya hodhi la kukandia, ikachomoka mfukoni, na kabla sijatia neno unga ulikwisha kuimeza. Tulipoitoa ilikuwa imejaa hamira kila tundu. Mke wangu anasema ningekuwa na subira ingeumuka zikawa mbili. Kwa hiyo utavumilia mwandiko wangu.

Sasa nikuambie kilichonipandisha mori. Unamkumbuka Mizani, mpima unga wetu, yule aliyekuwa akikupandisha juu ya mizani ya magunia kila mlipofunga shule? Wiki iliyopita alihojiwa na redio ya hapa mjini kuhusu mashine ya kukandia ambayo ushirika wetu wa waokaji unafikiria kuinunua. Akasema, na mji mzima ukamsikia, kwamba mkate wa mashine ni bora kuliko wa mikono yetu. Mikono yetu! Mimi ninakanda miaka ishirini na sita, naye anapima pembeni yangu miaka hiyohiyo. Asingeweza kuniambia mimi kwanza?

Basi nimemtangazia mgomo wa salamu. Tuko kumi na wawili kwenye ushirika, na sisi wengine kumi na mmoja sote tumekubali. Tangu Jumatatu, akiingia na "habari za asubuhi" zake tunatazama dari. Akiuliza, hatumjibu. Wake na waume zetu wamekatazwa kupita kwake. Na mkutano wa tarehe thelathini Aprili nitatoa hoja kwamba aondolewe kabisa kwenye ushirika. Hoja nimeshaiandika, kurasa mbili.

Halafu kuna picha. Jana ilikuwa kwenye kila simu hapa mjini: uso wa Mizani umebandikwa juu ya mkate, umekatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake maneno MSALITI WA MKATE. Watu wamecheka mpaka basi. Nani ameitengeneza? Wewe unayeishi mitandaoni huenda unamjua.

Kula vizuri. Ulipoondoka ulikuwa umekonda kama mwiko.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na hii usijijibie mwenyewe.

Barua yako imenikuta mzima. Mkazamjomba msalimie, mwambie goti alifunge kitambaa cha moto. Mama mwambie nampenda yeye na jogoo wake. Kazi inakwenda. Nimehamishwa kutoka dirisha la kupokelea wateja, sasa nakaa kwenye mashine ya kusagia vioo vya miwani, na jioni nikitoka nina vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mwenye nyumba aliponiona aliniuliza kama nami nimeajiriwa kuoka mikate. Nikamwambia ndiyo, ni kazi ya ukoo.

Mjomba, mmefanya vizuri sana. Mtu hawezi kuwadhalilisha wenzake redioni halafu kesho yake aje kuwaamkia kana kwamba hakuna kitu. Wakati mwingine mtu anatakiwa asikie ukimya ndipo aelewe. Msilegeze. Hapa kazini nimewasomea wenzangu barua yako, wote wako upande wako, na mmoja anauliza kama hiyo hoja ya kurasa mbili anaweza kupata nakala.

Kuhusu picha, mitandao ni mikubwa, mjomba, nani atajua? Mvua huko zimeanza? Huku kuna baridi, nalala na soksi.

Mpwa wako


25 Machi

Profesa,

Marahaba mara mbili, moja ya akiba.

Mvua zimeanza. Jogoo wa mama yako amempiga paka wa jirani, sasa mama yako anatembea kifua mbele. Goti la mke wangu linapokea kitambaa cha moto na linakushukuru.

Kaa chini kwanza. Kaa, maana jambo hili halisomwi mtu akiwa amesimama.

Unajua utaratibu wetu wa chumvi. Mizani anaipima na kuiweka bakulini, ukingoni mwa hodhi. Anayekanda anaimwaga. Sasa chumvi ikishaingia kwenye unga huwezi kuiona, nyeupe ndani ya nyeupe, na sisi hatuna desturi ya kuonja. Kwa hiyo Mizani huita kwa sauti, "Chumvi!" na anayekanda humjibu, "Imo!" Ndivyo tulivyofanya miaka ishirini na sita, neno likishatoka hakuna anayeuliza tena.

Jana Mizani aliita, "Chumvi!" Chumvi ilikuwa imo, nilikwisha kuimwaga kwa mkono wangu huu. Lakini niko kwenye mgomo. Nikatazama dari. Akaita tena, nikatazama dari tena. Maskini akaona bora afanye mwenyewe kuliko mji kula mkate usio na chumvi, akapima bakuli la pili akamwaga nilipokwenda kuchota maji. Mama Tanuri, yule mpikaji wetu mwenye mikono isiyosikia moto, alikuwa mbali, hakuona yote hayo. Alichosikia ni mtu ameita mara mbili na hakuna aliyejibu. Akajisemea, hawa wawili kwa ujinga wao wameisahau. Akaja na bakuli la tatu, akalimwaga kabla sijarudi.

Mpwa wangu, mikate mia tatu!

Kwanza haikuumuka. Chumvi ilikuwa imeikaba hamira koo. Ilitoka imelala bapa, migumu, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha tukaipeleka hivyohivyo tukiomba heri. Kufika saa mbili mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwa mlangoni ameshika mkate wenye alama za meno, akauweka mezani ukalia "ko!" Bibi mmoja akaja kuuliza kwa adabu kama huu ni wa kuloweka. Kinyozi amesema wake ameuweka nyuma ya mlango, tangu hapo mlango haupigwi na upepo. Mchana kutwa mji mzima ulikuwa unakunywa maji.

Sisi tulisimama tunatazamana. Nilitaka kucheka mpaka mbavu zikaniuma, na mtu ambaye huwa nacheka naye alikuwa ameinama peke yake pale kwenye mizani yake, ananipa mgongo. Kwa hiyo sikucheka. Nimerudi nyumbani nimemsimulia mke wangu, akacheka yeye, lakini haikuwa sawa.

Hoja yangu iko palepale. Nakwambia tu.

Mjomba


3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka karakana nzima ikanyamaza. Yule mwenzangu wa nakala sasa anataka mkate mmoja kwa posta, anasema hautaharibika njiani.

Niko salama. Nimepewa mteja wangu wa kwanza wa peke yangu, fundi cherehani aliyekuwa hawezi tena kutunga uzi. Nilipomvisha miwani alitunga uzi mara moja, akautoa, akautunga tena, akaendelea hivyo mpaka watu waliokuwa foleni wakaanza kumpigia makofi. Mwambie mama habari hii kabla hujamwambia mwingine.

Ila mjomba, usiniangushe. Kosa la chumvi ni la Mizani, kama asingesema aliyoyasema haya yote yasingetokea. Mtu akianza kuonewa huruma mapema hajifunzi. Huku tukimkataa mtu tunamkataa moja kwa moja.

Hivi yule binti yake bado anaishi mji ule mwingine? Aliiona ile picha? Nauliza tu.

Mpwa wako


12 Aprili

Mpwa wangu,

Nyumbani wote wazima. Leo sina utani mwingi.

Umeuliza kuhusu picha, basi tuizungumze. Ule mkate uliobandikwa uso wa Mizani una ufa upande wa kushoto, na nyuma yake kuna kikombe cha bluu kilichovunjika mkono. Kikombe hicho ni changu. Mkate ule niliuoka Februari, nikaupiga picha juu ya meza yangu kwa ile simu yangu marehemu, nikamtumia mtu mmoja tu duniani ili ajue nyumbani kuna mkate wa moto. Nilijua siku ileile nilipoiona. Nilikuuliza ili useme. Hukusema, na mimi sikukubana, kwa sababu kwa kweli nilifurahi. Nilijiona nina jeshi.

Na mimi kuna niliyokuficha, kwa hiyo usidhani nimekaa juu nakuhukumu. Nilikuandikia nusu ya maneno ya Mizani redioni. Alisema mkate wa mashine ni bora, kweli alisema. Kisha akasema, "Mke wangu amekanda pale miaka ishirini, leo hawezi kufunga kifungo cha gauni lake mwenyewe. Namfungia mimi. Nataka mikono ya wenzangu ipone." Nilisikia. Na mkewe namjua, nilikuwa nikikanda naye bega kwa bega. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika hivyo usingekasirika pamoja nami.

Usinielewe vibaya. Bado naona amekosea. Mkate wa mashine hauna uhai, na mikono yangu mimi ni mizima, na angenieleza kwanza kabla ya redio. Tungekuwa tunasemezana, leo ningebishana naye mpaka jioni. Tatizo ndilo hilo, sina wa kubishana naye. Wenzangu wote wanakubaliana nami siku nzima, hakuna kazi inayochosha kama hiyo.

Wiki ya tatu aliacha kutusalimu. Anaingia, anapima, anatoka. Nilidhani siku hiyo nitajisikia mshindi. Nilirudi nyumbani nikaacha chakula mezani.

Mkutano umebaki wiki mbili na ushei. Nikitoa ile hoja, itapita. Wataniunga mkono wote, mimi ndiye niliyewafundisha. Nikiiondoa, nitaanzia wapi kumsemesha? Kila alfajiri nafungua mdomo nikiwa mlangoni, na kila alfajiri naufunga. Mtu mzima na ndevu zangu, namwogopa mpima unga.

Mjomba


21 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wote wasalimie, leo siwezi kuwataja mmoja mmoja.

Ni mimi. Niliitengeneza kwa dakika kumi wakati wa chakula cha mchana, kwa kidole kimoja, mkono mwingine nimeshika kijiko. Kipande cha maneno yake ya redioni, kile cha mashine tu, kilikuwa kimenifikia kwenye simu kabla ya barua yako, na nilikuwa na hasira kwa ajili yako, hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba watu walipoanza kuisambaza nilifurahi. Mtu mmoja aliandika chini yake, "Atiwe tanurini yeye." Nikacheka, nikamwekea alama ya moyo.

Juzi nimekaa kwenye kantini, mwanamke nisiyemjua meza ya pili alikuwa anamwonyesha mwenzake picha kwenye simu. "Huyu mzee nani?" akauliza mwenzake. "Sijui," akasema, "msaliti wa kitu fulani." Wakacheka, wakaendelea kula. Mjomba, uso uliniwaka mpaka masikio. Mimi namjua huyo mzee. Alinipandisha kwenye mizani ya unga nikiwa na miaka sita, akatangaza kwa sauti kwamba nina uzito wa gunia nusu na akili za gunia zima, nikatembea na maneno hayo mwaka mzima. Nilitaka kusimama niwaambie. Sikusimama.

Nilikuambia huku tunamkataa mtu moja kwa moja. Najifanya mkubwa tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ukimsamehe yeye, nitabaki mimi peke yangu na ile picha.

Nimeifuta kwangu, ingawa najua ilishaenda. Pale ilipoanzia nimeandika jina langu na kwamba nimemkosea mtu aliyenilea. Nimetukanwa kidogo, si neno. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ni yake. Mpe mkononi. Kama hataki kuipokea usimlazimishe, nirudishie. Simwombi akubaliane na wewe kuhusu mashine. Simwombi hata anisamehe haraka. Nataka tu ajue ni nani, asiendelee kumshuku kila mtu anayempita barabarani.

Nimemaliza kuogopa kwangu, mjomba, sasa zamu yako.

Mpwa wako


3 Mei

Profesa,

Marahaba, marahaba, marahaba!

Mama yako amekubali kwamba ni jogoo. Mke wangu amepanda ngazi bila kushika ukuta. Hoja yangu ya kumwondoa Mizani niliiondoa mwenyewe mkutanoni, nikaichanachana mbele ya wote. Mashine imepita kwa kura saba dhidi ya tano. Mimi ni mmoja wa wale watano na bado nasema wamekosea, nitasema mpaka nizikwe. Na ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mizani kwako. Sijaifungua. Mke wangu ni shahidi jinsi nilivyoteseka.

Sasa nikurudishe nyuma, Jumatano, siku moja kabla ya mkutano.

Barua yako kwa Mizani nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni tangu jana yake. Mizani akaingia alfajiri, kimya, akaenda moja kwa moja kwenye mizani yake. Nikaita.

"Mizani. Habari za Jumatatu?"

Hakugeuka. "Jumatatu ipi? Leo Jumatano."

"Jumatatu ya tarehe mbili Machi."

Kiwanda kizima kikasimama. Naye akaendelea kuchota unga, lakini pole pole.

"Hizo ni salamu gani hizo?"

"Zimechelewa. Nimezihesabu, ukiacha Jumapili ni hamsini. Nataka kukusalimu zote, na wewe unijibu moja moja."

Nilidhani atanitupia kikoleo cha kuchotea unga. Akasema, "Nzuri."

"Za Jumanne?"

"Nzuri."

"Sema kweli, bwana."

"Jumanne nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mmenisalimu wote. Nikamtajia na majina."

Mpwa wangu, nilikanda hewa. Mikono ilikuwa inakwenda na hapakuwa na kitu ndani yake.

"Jumatano?"

"Jumatano binti yangu alinipigia simu analia. Alikuwa ameona picha."

Nikatoa barua yako. Nikamwambia, "Ile picha aliitengeneza mpwa wangu, na mimi nilijua nikanyamaza. Haya ni maandishi yake." Akapangusa mikono, akaipokea, akalitazama jina lako muda mrefu. Akaitia mfukoni. "Nitaisoma nikikaa," akasema. "Twende Alhamisi."

Hapo Mama Tanuri akadakia, "Alhamisi niachie mimi, nami nina zangu!" Basi ikawa kila mtu anagombea siku yake. Huyu anauliza Ijumaa, yule anauliza Jumamosi, na Mizani anatujibu wote, bado ametupa mgongo: "Nzuri. Mbaya. Mbaya sana. Siku hiyo mvua ilininyeshea. Siku hiyo nilijiuliza kama kweli nimewatukana, nikaona hapana, kisha nikaona labda." Tulipofika Jumanne ya chumvi akasema, "Siku hiyo nilicheka mpaka machozi. Chooni, peke yangu, nimejiziba mdomo na aproni." Tukacheka sote, ile ya wiki tano nzima, Mama Tanuri akakaa sakafuni. Unga ulikuwa unaumuka unamwagika ukingoni na hakuna aliyejali.

Ilikuwa zamu yangu tena. "Alhamisi ya tarehe tisa Aprili?"

Mkono wake ukasimama juu ya mizani. Ndipo akageuka.

"Alhamisi hiyo nilipata mjukuu. Wa kike. Binti yangu alikuja kujifungulia kwetu. Kilo tatu na robo, nilimpima mwenyewe. Nilikuja na shati jeupe, nikasimama pale mlangoni. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniulize habari."

Nililikumbuka lile shati. Nilikuwa nimeliona na nikatazama dari.

Nimeishi miaka hamsini na sita na sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilikwenda nikamkumbatia na unga wangu wote, naye akawa ameshika kikoleo, hakujua akiweke wapi, mwishowe akakiacha kikaanguka. Kisha Mama Tanuri akaufunga mlango wa tanuri kwa kishindo, akasema, "Mnalia nini? Mtoto yuko wapi?"

Tukaenda. Wote kumi na wawili, na aproni zetu, barabarani asubuhi na mapema, watu wanatuuliza mkate uko wapi na sisi tunawapungia mikono. Siku hiyo mji ulikula mkate saa tano. Mke wa Mizani alitufungulia, akatuhesabu kwa macho, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nilimfungia kifungo cha juu kilichokuwa wazi, akaniacha nikifunge.

Wakaniletea mtoto. Nimenawa mikono mara tatu na bado nilimpaka unga kichwani. Mizani alisimama karibu yangu, bega kwa bega.

"Kesho nitapiga kura ya mashine," akasema. "Ujue."

"Najua. Na mimi nitapiga ya mikono."

"Haya," akasema. "Shika shingo yake vizuri."

Mjomba wako